Kuanzia Kichwa Mpaka Mkia

Mpiga picha huyu watu walimwita Tulia. Jina lake halisi lilibaki kwenye leseni ya studio, iliyotundikwa ukutani nyuma ya mlango, na hata mkewe alipolitamka mtu alijua kuna jambo zito. La Tulia lilitokana na maneno aliyowaambia wateja kutwa nzima: tulia, usipepese macho, shusha mabega, tulia hivyo hivyo. Kichekesho ni kwamba mwenyewe hakuwahi kutulia hata siku moja. Alikuwa mtu wa kurudi mlangoni kuhakikisha kama amefunga, kisha kurudi tena kuhakikisha kama alihakikisha. Simu ikiita alfajiri, moyo wake ulikuwa umeshamzika mtu kabla hajaipokea. Mkewe, aliyeuza kwenye duka la dawa mtaa wa pili, alizoea kusema kwamba mume wake anaanza na wasiwasi asubuhi, chai baadaye.

Studio ilikuwa chumba kimoja. Upande mmoja pazia jeupe la picha za paspoti, upande wa pili pazia la bluu kwa wanaotaka picha ya kuweka sebuleni. Katikati kulikuwa na kiti cha kuzunguka kisicho na mgongo, taa mbili zenye miavuli, na karibu na mlango kioo chenye kitana kilichofungwa kwa uzi, maana vitana vya kwanza vyote viliondoka na wateja. Hapo ndipo Tulia alipolelea watoto wake watatu, akawasomesha, wakatawanyika na maisha yao. Maarusi aliwapiga, wahitimu aliwapiga, watoto wachanga waliolala fofofo aliwapiga. Angani hakuwahi kuelekeza kamera. Kule hakukuwa na mteja.

Aliyemwelekeza huko ni dada yake.

Dada huyu alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi, kiasi kwamba watu wasiowajua walidhani ni mama yake. Na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Mama yao alifariki Tulia akiwa bado na meno ya utotoni, na dada ndiye aliyembeba mgongoni, akamvalisha sare ya shule, akamchapa alipostahili na mara nyingine asipostahili. Alikuwa fundi wa kushona, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Uzee ulipomfikia alihamia kwa mdogo wake, akapewa chumba cha uani, akaendelea kushona mashuka na kusema kwamba nguo za siku hizi zinashonwa na watu wenye haraka.

Siku moja aliteleza bafuni. Hakupiga kelele, alisubiri wifi yake arudi kutoka kazini. Walipomfikisha hospitalini ikaonekana mfupa wa nyonga umevunjika. Wakamlaza wodini, mguu ukafungwa kamba inayopita kwenye kigurudumu na kuning'iniza uzito mwishoni mwa kitanda, ili mfupa usizidi kuhama. Daktari akaeleza kuwa upasuaji upo, lakini moyo wa mama huyu unadunda ovyo. Watautuliza kwanza kwa dawa, halafu ndiyo wampe dawa ya usingizi. Tulia akauliza kama kuna hatari. Daktari, mtu mwaminifu, akajibu kwamba hatari haikosekani. Tulia akabaki na neno hilo kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki.

Kuanzia hapo, karibu kila saa ya kuona wagonjwa jioni ilimkuta kwenye kile kitanda cha karibu na dirisha. Dirisha lenyewe halikuwa na faida, lilitazama ukuta wa jengo la kufulia. Dada alilala chali, macho kwenye dari, hawezi kugeuka upande wowote. Jioni moja akamkuta amenuna. Akamsalimu, shikamoo Dada, akaitikia kwa mkato. Alipombembeleza aseme, akaeleza kwamba wauguzi wote walikuwa wametoka nje wakati wa kubadilishana zamu, na wamerudi wanazungumzia nyota yenye mkia. Redio nayo ilikuwa imetangaza: jua likishazama, tazama magharibi. Itaonekana jioni chache, kisha itaenda zake, na hakuna aliye hai leo atakayeiona tena.

Ndipo Dada akamsimulia jambo ambalo Tulia hakuwahi kulisikia. Alipokuwa msichana mdogo, kabla Tulia hajazaliwa, ilipita nyota nyingine ya namna hiyo. Mama yao alikuja kumwamsha alfajiri. Yeye akavuta shuka usoni, akasema niache nilale. Asubuhi nyumba nzima, mtaa mzima, ilikuwa ni habari hiyo moja: mkia ulivyokuwa mrefu, ulivyoinama, ulivyong'aa. Alisimuliwa mpaka akachoka, na kila aliposimuliwa alimwona mama yake amesimama pembeni ya kitanda, akigeuka kuondoka.

"Sasa imekuja nyingine, na mimi nimefungwa mguu kama mbuzi," alisema. "Sitaki kusimuliwa tena. Nipigie picha. Na usiniletee kipande. Nataka kuanzia kichwa mpaka mkia, na nataka kuiona kabla sijaingia chumba cha upasuaji."

Tulia akakubali papo hapo. Lakini wakati anatoka getini lile neno la mwisho lilimrudia na kumkaa rohoni. Kwa nini kabla? Wiki hiyo hiyo Dada alikuwa amemwambia wifi yake kwamba cherehani iende kwa binti mkubwa wa Tulia, na kwamba ufunguo wa sanduku uko ndani ya kopo la vifungo. Mtu anayetarajia kurudi nyumbani hagawi cherehani. Tulia aliona dada yake anafunga mizigo, na picha hii ndiyo kamba ya kufungia.

Kesho yake jioni alipanda juu ya paa la nyumba, mahali wanapoanikia nguo, akiwa na lenzi yake ndefu kuliko zote, ile ya milimita mia mbili aliyokuwa akiitumia kwenye harusi ili asisogelee madhabahu. Alifikiri kama wengi wanavyofikiri: kitu kikiwa mbali, chukua lenzi ndefu. Jua likazama, anga la magharibi likageuka rangi ya shaba, halafu kijivu, na taratibu ikajitokeza. Tulia alisahau kamera kwa muda. Ilikuwa nukta yenye ukungu, na kutoka kwenye nukta hiyo mkia mweupe ulipanda kwa mshazari, mwembamba mwanzoni kisha mpana, kama mvuke wa birika uliogandishwa. Akapiga. Kwenye kioo cha kamera kikatokea kichwa cha nyota na shingo yake. Mkia wote ulikuwa nje ya picha. Tena kwa kuwa aliiachia kamera ifunguke muda mrefu, na dunia inazunguka bila kumngoja mtu, nyota nyingine zote zilikuwa zimeburutika, kila moja mstari kama tone la mvua kwenye kioo cha gari.

Asubuhi akaenda kwa fundi wa kamera, rafiki yake wa zamani mwenye kibanda kilichojaa kamera zilizofunguliwa matumbo. Fundi huyu alikuwa mtani wake, hakuweza kuanza mazungumzo bila kumchokoza.

"Karibu, Bwana Tulia usiyetulia. Umevunja nini leo?"

Tulia akamweleza. Fundi akacheka kidogo, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. Akamwonyesha kwamba suala si umbali, ni upana. Kamera ni kama mlango: inakuonyesha sehemu ya anga, na sehemu hiyo hupimwa kwa nyuzi, kama zile za kona walizojifunza shuleni. Kwanza jua kitu chako kina nyuzi ngapi. Nyosha mkono wako wote mbele, kunja ngumi. Ngumi moja ni kama nyuzi kumi. Kidole kidogo peke yake ni kama uzi mmoja, vidole vitatu vya katikati vikibanwa ni kama tano. Halafu jua kamera yako inaona nyuzi ngapi. Chukua upana wa kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, zidisha kwa hamsini na saba, gawanya kwa urefu wa lenzi. Jibu lake ndilo upana wa mlango wako.

Jioni Tulia akapanda tena juu ya paa, akanyosha ngumi kuelekea magharibi kama mtu anayetishia mbingu. Jirani aliyekuwa akianua nguo alimtazama, akaamua kutouliza. Nyota na mkia wake zilichukua ngumi nzima na sehemu kidogo zaidi: nyuzi kumi na tatu, hivi. Fundi alikuwa amempa kijedwali cha zamani cha kamera za filamu, na humo upana uliandikwa milimita thelathini na sita. Akapiga hesabu kwa kila lenzi aliyonayo. Ya mia mbili ilitoa kumi na kidogo. Ya mia na thelathini na tano ilitoa kumi na tano. Kumi na tatu inaingia ndani ya kumi na tano na nafasi inabaki. Akarudia hesabu, akairudia tena kwa kikokotoo cha simu, akamwita mkewe aikague. Mkewe akaikagua, akasema kumi na tano ni kumi na tano hata ukimwita waziri.

Lakini alipopiga, mkia ulikatika. Si sana, ila ulikatika, ncha yote haikuwamo. Akasogeza kamera juu, kichwa kikatoka. Akashusha, ncha ikatoka. Alihangaika mpaka nyota ikazama nyuma ya majengo. Alishuka ngazi akijiuliza amekosea wapi, na kichwani alikuwa akimwona dada yake analazwa kwenye kitanda cha magurudumu, mikono mitupu.

Alipomrudia fundi, fundi alijipiga paji la uso. Hakuwa amemwuliza anatumia kamera gani. Akaichukua ile kamera, akatoa lenzi, akamwonyesha kwa tochi kile kipande kinachong'aa ndani, ambacho mafundi wanakiita sensa. Kilikuwa kidogo kuliko cha kamera ya filamu, upana wake milimita ishirini na nne tu. Kijedwali kilikuwa sahihi, ila kilikuwa cha kamera nyingine. Wakapiga upya pamoja, vichwa vimegusana juu ya meza. Lenzi ya mia na thelathini na tano kumbe ilikuwa inaona nyuzi kumi, na kumi na tatu haiingii kwenye kumi hata uisukume kwa goti.

"Unataka fupi zaidi," fundi akasema. "Ya themanini na tano inakupa kumi na sita. Na mkia unasimama, kwa hiyo geuza kamera isimame nayo. Unayo hiyo?"

Tulia alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye kamera ya studio kila siku ya Mungu. Ndiyo lenzi aliyopigia paspoti.

Hapo jambo lingekuwa limekwisha. Lenzi ipo, hesabu ipo, muda wa kufungua kamera fundi alimpa pia: sekunde nne, si zaidi, nyota zisije zikaburutika. Lakini jioni hiyo Tulia hakupanda paa. Alienda hospitalini, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda saa nzima ya kuona wagonjwa, akamweleza Dada mambo ya sensa. Dada akauliza kama mle ndani ya kamera wanahesabu watu. Wakacheka wote, na nje, nyuma ya ukuta wa jengo la kufulia, nyota ikazama.

Jioni iliyofuata akasema stendi ya miguu mitatu imelegea, lazima aikaze kwanza. Iliyofuata akasema taa za mtaani zinaharibu, lazima atafute mahali penye giza. Siku nyingine alikaa mezani na karatasi, akipiga hesabu ya kona kwa kona kana kwamba jibu lingebadilika. Wakati huo nyota ilikuwa inafifia. Kila jioni mkia ulikuwa hafifu kuliko jana yake, na redio ilionya kwamba mwezi mchanga unakaribia kuonekana, ukinenepa utaumeza mwanga wote. Mawingu nayo yalikuwa yakikusanyika alasiri. Tulia aliyaona yote hayo, na bado hakunyanyuka. Alipoteza hamu ya kula. Mteja mmoja alirudisha picha zake za paspoti kwa sababu zilitoka na sikio moja tu.

Kisha hospitali ikatoa siku. Moyo umetulia vya kutosha, upasuaji utafanyika kesho kutwa asubuhi.

Jioni ile mkewe alitoka duka la dawa, akamkuta jikoni na karatasi zake, chakula hakijaguswa. Hakuvua hata viatu. Akavuta kiti, akakaa mbele yake, akamwita kwa jina lake halisi.

"Hesabu imekwisha tangu wiki iliyopita. Mimi niliikagua, fundi aliikagua. Unaogopa nini?"

Tulia alikuwa akikunja na kukunjua pembe ya karatasi.

"Nikimpa, atakuwa amemaliza," alisema mwishowe. "Cherehani ameshagawa. Ufunguo ameshaonyesha. Kilichobaki ni hii picha. Nikimpa, hatakuwa na kitu cha kusubiri."

Mkewe hakumcheka. Aliweka mkono juu ya zile karatasi, akazifunika.

"Na usipompa, ataingia kule ndani akiwa bado anakungoja wewe. Ndivyo unavyotaka aingie?"

Tulia alifunika uso kwa viganja, na mabega yake, yale ambayo alikuwa akiwaambia watu wayashushe, yalipanda mpaka masikioni. Mkewe alimwacha. Alipomaliza akamsogezea sahani.

Kesho yake, siku ya mwisho, alianza kutazama mawingu tangu asubuhi. Alifunga studio mapema, jambo ambalo jirani yake muuza viatu alilitafsiri kuwa msiba, akaja kutoa pole. Walikwenda na mkewe kwenye uwanja wa shule ulio pembeni ya mji, ambako upande wa magharibi hakuna nyumba wala taa. Mlinzi aliwauliza wanapiga picha ya nani, wakasema ya nyota, akawafungulia geti akitikisa kichwa.

Magharibi kulikuwa na ukuta wa mawingu. Jua lilizama ndani yake bila hata kuaga. Tulia alisimamisha stendi, akaning'iniza mfuko wa mawe katikati yake isitikisike, akafunga kamera ikiwa imesimama. Alikagua betri. Aliikagua tena. Akaelekeza lenzi kwenye nyota moja iliyojitokeza juu ya mawingu, akazungusha pole pole mpaka ikawa nukta kali, halafu akabandika utepe juu ya lenzi isije ikajizungusha yenyewe. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imeanza, na kwamba, tangu zile jioni mbili za juu ya paa, ni jioni ya kwanza hayupo. Pengine Dada alikuwa akitazama mlango. Pengine, Tulia aliwaza, ndiyo jioni ambayo hakupaswa kukosa kuliko zote, naye yuko uwanjani anapiga picha mawingu.

Akaanza kukunja stendi. Mkewe akamshika mkono.

"Alipokutuma alijua saa yenyewe ni hii," akasema. "Subiri."

Wakasubiri. Mbu waliwala. Mwezi mchanga, mwembamba kama kucha, ulionekana kwa muda kisha nao ukafunikwa. Tulia alikuwa akitembea kutoka goli hadi katikati ya uwanja na kurudi, akihesabu alichokuwa hana uwezo nacho: wingu, moyo wa dada yake, mikono ya daktari. Mkewe alikaa juu ya begi la kamera na kutazama upande mmoja tu, kama mtu anayengoja basi analojua litakuja.

Wingu halikuondoka. Lilipasuka tu, chini ya katikati, ufa mpana kidogo, na ndani ya ufa huo nyota ikatokea. Ilikuwa imefifia sana. Mtu asiyejua pa kutazama angeipita. Tulia alikimbia. Alipofika kwenye kamera akakumbuka kutoigusa, isije ikatikisika, akaweka ile njia ya kamera kujihesabia yenyewe kabla ya kufunguka, akarudi nyuma hatua moja na kushika mikono yake mgongoni kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu dukani. Kamera ikafunguka, sekunde nne, ikafunga. Akaweka tena. Akaweka tena. Alipiga mpaka ufa ukajifunga.

Hakuthubutu kutazama. Mkewe ndiye aliyeinama kwenye kioo cha kamera. Alitazama kwa muda, akapekua ya pili na ya tatu.

"Kichwa hiki hapa chini," alisema, akionyesha kwa kidole. "Na mkia huu hapa. Umefika mwisho, na juu yake kuna anga. Njoo uone, Baba watoto."

Walipitia studio kuchapa. Hapo napo wasiwasi ulimfuata: kwenye karatasi ya kwanza mkia ulipotea kabisa, weusi mtupu. Aliongeza mwanga kidogo, akachapa tena, ukaonekana. Tulia alikuwa bingwa wa kufuta chunusi za maarusi, na angeweza kwa dakika chache kuurefusha mkia ule na kuung'arisha upendeze kama ulivyokuwa siku ya kwanza. Kidole kilisimama juu ya kitufe. Akauacha ulivyo. Dada alikuwa amekagua mishono maisha yake yote, na Tulia hakuwa na moyo wa kumpelekea kiraka.

Asubuhi ndugu mmoja tu aliruhusiwa kuingia kabla ya upasuaji, naye akawa Tulia. Dada alikuwa ameshavalishwa gauni la kijani na kofia ya karatasi. Bila kitambaa chake kichwani alionekana mdogo, karibu msichana. Tulia akamwamkia, akaomba radhi kwa kutokuja jana. Dada alinyosha mkono tu. Tulia akaishika picha juu ya uso wake, maana hakuweza kuinuka, naye akaitazama chali kama mtu anayetazama anga lenyewe.

Aliitazama muda mrefu. Akaanza na kichwa, akapandisha ukucha wake taratibu kwenye karatasi, kufuata mkia, mpaka pale ulipoyeyuka gizani. Akarudi chini, akaanza upya.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hii, Dada. Siku za mwanzo iling'aa zaidi. Nilichelewa."

"Wao walisema ilikuwa kama mto wa fedha," alisema, akiwaza ile ya zamani. "Ukubwa wa nusu mbingu. Nimeishi miaka yote hii nikidhani nilikosa mto wa fedha." Akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Nzuri. Lakini Mama angeniacha tu nilale, asihangaike kuja kuniamsha."

Kisha akamshika mkono mdogo wake, akaona ulivyo baridi, akausugua kati ya viganja vyake viwili kama alivyokuwa akifanya zamani asubuhi za kwenda shule. Muuguzi akaja na kitanda cha magurudumu. Dada akaagiza picha ibandikwe ukutani juu ya kitanda, ili asije akapewa mgonjwa mwingine kitanda chake. Tulia aliyasikia maneno hayo vizuri, na aliyarudia kimoyomoyo njia nzima ya ukumbi mpaka ile milango miwili ikafungwa.

Kusubiri kule hakusimuliki. Mkewe aliomba ruhusa kazini, akaja kukaa naye kwenye benchi. Kila mlango ulipofunguka Tulia alisimama. Alisimama kwa mfagizi, alisimama kwa mtu aliyepotea njia ya maabara, alisimama kwa mlango uliosukumwa na upepo. Mara moja daktari alitoka haraka na kurudi na mfuko wa damu, na Tulia akalazimika kutoka nje akashika ukuta. Mkewe alimfuata, akasimama naye bila kumpa faraja ya uongo.

Mchana ulipokuwa umeinama daktari alikuja akiwa bado na barakoa shingoni. Akasema moyo uliwapa kazi katikati, ukawatisha, kisha ukakubali. Mfupa umeungwa kwa chuma. Mgonjwa ameamka, ni dhaifu, usiku huu ndio wa kuangaliwa. Hawezi kuahidi zaidi ya hapo. Waingie mmoja mmoja, wasimchoshe.

Tulia aliingia. Dada alikuwa na mirija, midomo imekauka, macho yanafumbuka na kufumba. Alimtambua. Akasogeza midomo, Tulia akainama kabisa kumsikiliza, akijiandaa kwa wasia.

"Mmekula?" Dada akauliza.

Tulia akasema wamekula, na ulikuwa uongo. Dada akamtazama kwa jicho moja la kutoamini, akalala.

Alichukua muda kupona. Kwanza kidonda kilikataa, kisha kikakubali. Akajifunza kusimama na fremu ya chuma, akajifunza kwenda mpaka dirishani, akalalamika kuhusu ule ukuta wa jengo la kufulia kwa kila muuguzi aliyepita. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani aliikuta cherehani yake bado iko uani, maana binti wa Tulia hakuwa ameichukua. Ile picha aliiacha wodini kwa mama wa kitanda cha jirani, ambaye naye alikuwa amefungwa mguu na hakuwa ameona kitu.

Tulia akarudi kwenye paspoti zake. Bado alikagua mlango mara mbili, simu ya alfajiri bado ilimtoa jasho. Mwaka uliofuata fundi wa kamera alimletea habari kwamba mwezi utapatwa, akamwuliza kama atapiga. Tulia akavuta karatasi, akagawanya, akazidisha, akasema mwezi ni nusu uzi tu, safari hii lenzi ndefu ndiyo yenyewe. Kisha akamtuma fundi akamwulize Dada kama angependa kwenda nao, na Dada, akiwa uani na pini mdomoni, akajibu kwamba itategemea na baridi.